Filister Adoyo Odera, Aliyetaka Kila Ugonjwa Uandikwe kwa Jina Lake (1954–1999)

Ndugu na jamaa, wakwe zetu mliotoka Kehancha, majirani wa Karungu na wafanyakazi wenzake wa hospitali, hamjambo. Nitasoma kwa Kiswahili ili wote tuelewane. Mimi ni Valary. Marehemu alikuwa mama yangu mdogo kwa damu, na kwa malezi alikuwa mama yangu kamili. Aliniachia maagizo ya mambo ya kusema leo, na mnamjua, maagizo yake hayakuwa ya kubishaniwa.

Filister Adoyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 karibu na soko la Kosele. Alikuwa wa pili kati ya mabinti watatu. Wa kwanza alikuwa Susana, aliyenizaa mimi, na wa mwisho ni Phelesia, ambaye yuko nasi hapa. Bibi yetu, mama yao, alikuwa akisimulia kwamba Filister alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno yote. Siku moja alimuuliza padri, ibada ikiendelea, kwa nini Lazaro hakusema alichokiona kule alikokuwa. Alifinywa sikio, na jibu hakupata.

Alisoma shule ya msingi Kosele na kumaliza darasa la saba mwaka 1969, akiwa wa tatu katika darasa la watoto arobaini na moja. Karo ya sekondari haikupatikana, akabaki nyumbani kumsaidia bibi. Susana alipoolewa Karungu na kupata mimba, Filister alitumwa kwenda kumtunza.

Tarehe 9 Agosti 1971 Susana alishikwa na uchungu. Alikuwa amevimba uso na miguu, akilalamika kichwa na macho kuona giza. Alipofikishwa hospitali ya misheni alipata degedege mara tatu, akanizaa, akafariki adhuhuri ile ile. Taarifa iliyotoka hospitalini ikasema amekufa kwa kifafa, ndulme kwa Kijaluo. Mnajua wenyewe neno hilo linavyoogopwa. Kabla ya posa, jagam, yule mshenga, hutumwa kupeleleza kama nyumbani kwa binti kuna ndulme, na akisikia iko, anarudi zake bila hata kunywa chai. Ukoo wa baba yangu ulikataa kunichukua. Baba mwenyewe alienda kuvua samaki kisiwa cha Remba na akaoa huko. Filister akanifunga mgongoni akanirudisha Kosele. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Mwaka 1974 hospitali ile ile ilimwajiri kufagia. Karani wa rekodi, mzee Javan, alimkuta siku moja ameegemea ufagio anasoma faili za wagonjwa, na badala ya kumfukuza akamfundisha kazi. Javan alipostaafu mwaka 1984, chumba cha rekodi kikawa chake. Kazi ilikuwa kusoma faili ya kila mgonjwa anayetoka, kwa miguu au kwa jeneza, na kuupa ugonjwa wake nambari kutoka kitabu kinachotumika dunia nzima.

Kuhusu ndoa, jagam wawili walifika kwa ajili yake na wote wakarudi njiani. Kwa Phelesia walifika watatu. Mwaka 1982 ndipo alipokuja Nicanor Odera, fundi wa kutengeneza mashua hapa Karungu, mjane asiye na mtoto. Watu walipomnong'oneza habari ya ndulme alisema yeye mwenyewe ana ngiri, kwa hiyo hakuna atakayemcheka mwenzake. Walijaliwa watoto wawili, Ken na Liz. Phelesia hakuolewa.

Mei 1996 Mama alipelekwa semina Kisumu, akarudi na kitabu kipya cha nambari, kizito mpaka akakibeba kichwani kutoka stendi. Alikifungua kwenye kurasa za uzazi na hakulala vizuri wiki nzima. Kile ambacho sisi tulikiita presha ya mimba, kitabu kilikuwa kimekigawa. O10 ni mama aliyekuwa na presha tangu kabla ya mimba. O13 ni presha iliyokuja na mimba, mkojo ukiwa safi. O14, presha pamoja na protini kwenye mkojo. O15 ni pale degedege inapofika. Mwisho kuna O16, ya presha ambayo haikuelezwa zaidi. Alihesabu akaona karibu akina mama wote wa wodi yetu wangeishia O16, akakasirika kweli. Alisema nambari hiyo ni kitanda cha uvivu.

Basi akaanza kwenda wodini na faili kwapani kumuuliza sista Damaris, mkuu wa wodi ya wazazi, swali moja tu: mkojo ulipimwa? Vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha tangu Februari. Akauliza zamani walipimaje. Damaris akakumbuka kuchemsha mkojo kwenye kichupa juu ya moto wa spiriti. Ukiganda kama ute wa yai, protini ipo. Wakaanza tena. Wauguzi wakampa jina la Mama Mkojo, naye akaliitikia bila haya. Ila mwaka ulipoisha, O16 zilikuwa nne tu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimechumbiwa na Simeon Mwikwabe, na familia yake ikasikia habari ya Susana na ndulme. Baba yake, mzee Gisiri, hakukataa. Alituma neno kwamba tungoje kwanza. Mama alijua kungoja kwa namna hiyo kunaishia wapi, maana alikwisha kuona kwa Phelesia. Na sasa alikuwa na swali lililomkaa kooni: je, Susana alikuwa na ndulme kweli?

Kila Jumamosi, wiki saba mfululizo, aliingia stoo ya faili za zamani na kitambaa puani. Ya saba, tarehe 18 Januari 1997, aliipata faili ya Susana. Ndani, kwa mwandiko wa daktari, presha ilikuwa 190 kwa 130, mkojo umeganda, degedege mara tatu, hakuwahi kuanguka kifafa maishani mwake. Daktari alikuwa ameandika ugonjwa sawasawa kabisa: kifafa cha mimba, degedege inayoletwa na presha, ambayo leo ni O15. Lakini juu ya jalada, na kwenye rejista ambayo taarifa zote zilitoka, mzee Javan alikuwa ameandika kifafa cha kawaida, na pembeni maneno haya: kwa maelezo ya mdogo wa marehemu.

Hapo ndipo alipokumbuka. Zamani Javan hakuwa akifungua faili za waliokufa. Mwandiko wa madaktari ulimshinda, kwa hiyo alimwita ndugu dirishani akamuuliza. Siku ile ndugu aliyekuwepo alikuwa msichana wa miaka kumi na saba mwenye kitoto mikononi, aliyemwona dada yake akitetemeka na kutokwa povu, na aliyejua jina moja tu la jambo kama lile.

Mganga mkuu alipiga mstari mmoja juu ya neno la zamani, akaandika O15, tarehe na sahihi. Mama angeweza kuishia hapo. Badala yake alienda kwanza kwa Phelesia akamwambia yote. Phelesia hakumsemesha kwa miezi mitano.

Aprili alipanda Kehancha pamoja na sista Damaris, wakakaa mbele ya mzee Gisiri na nduguye Ryoba. Nilikuwepo. Aliwaeleza presha, mkojo na kitabu, kisha akasema, "Neno lililowatisha nililitoa mimi kwa kinywa changu, na lilikuwa uongo, ingawa sikujua."

Mzee Gisiri alifikiri, akauliza, "Na huyu binti akipata mimba, yatampata ya mama yake?"

Angeweza kusema hapana, tukanywa chai tukarudi.

"Yanaweza," alisema Mama. "Kuliko binti mwingine. Kwa hiyo apimwe kila mwezi, na msimfiche."

Mzee Ryoba alikohoa. Mzee Gisiri akasema, "Ng'ombe ambaye mama yake alizaa kwa taabu hatumuuzi. Tunamkalia zizini tukimlinda."

Tulifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1997. Mwaka uliofuata, mimba ikiwa ya miezi minane, presha yangu ilipanda na mkojo ukaganda. Nilipasuliwa siku hiyo hiyo, tarehe 2 Novemba. Kwenye kadi yangu pameandikwa O14. Haikufika O15, kwa sababu nilikuwa nikikaliwa zizini.

Januari mwaka huu Mama alianza kutokwa damu. Alifariki Ijumaa tarehe 18 Juni 1999, saa tisa alasiri. Programu nyingi za mazishi huandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Alinikataza. Alisema hakuna nambari ya muda mfupi kwenye kitabu chake. Basi nasema mbele ya wakwe na wazee: ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, C53. Alimwomba Damaris amsomee nambari hiyo pale kitandani. Wanawake, mkaulize mpimwe.

Ameacha mume, Nicanor Odera, watoto, Ken, Liz na mimi, mkwe, Simeon, mjukuu, Susana, wa miezi saba, na dada, Phelesia. Nilimpelekea Phelesia maandishi haya jana nikamuuliza kama niiondoe sehemu ya dirishani. Akasema, "Iache. Alikuwa mtoto, na mtu mzima aliyeshika kalamu hakufungua faili." Miaka miwili Mama alisubiri kusikia maneno hayo, akaondoka bila kuyasikia.

Mungu amlaze mahali pema, Filister wetu, na amjibu maswali yote aliyokwenda nayo.