Kura Zilizofichwa Kotini: Historia ya Marehemu Gerishon Wakoli

Waombolezaji wapendwa, Gerishon Wakoli, ambaye tumekuja kumzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Naitiri, Bungoma, akasoma shule ya msingi hapo kijijini, akamaliza sekondari mwaka 1989, na mwaka 1992 akahitimu ufundi wa redio na umeme hapa Eldoret, mji alioupenda hata pale ambapo wenyewe haukumpenda.

Alifungua kibanda cha kutengeneza redio Moi's Bridge mwaka 1993, na tarehe 12 Agosti 1995 akafunga ndoa kanisani na Selpha Nangila, wakajaliwa watoto watatu, Linah, Joash na Vivian. Tarehe 1 Januari 2008, katika vita vya kikabila vya baada ya uchaguzi, kibanda kile kilichomwa, familia ikaishi kanisani wiki saba, na aliyewapelekea maziwa kila asubuhi ni jirani yao Mzee Kipchumba, ambaye alitukanwa na watu wa kabila lake mwenyewe kwa hilo na wala hakujali. Mwezi wa Juni Gerishon alirudi akaanza upya.

Sasa tuseme lile tuliloombwa tusiliseme. Baada ya vita vile, wanachama wa ushirika wa wakulima walikataa kuchagua viongozi kwa kuinua mikono, maana waliogopa kwamba mkono ukionekana, nyumba itachomwa, kwa hivyo mwaka 2014 ushirika ukanunua vidude vya kupigia kura, vyenye vitufe kama simu ndogo ya tochi, ile mulika mwizi, vinavyotuma kura bila waya hadi kwenye kipokezi, na Gerishon akaajiriwa kuvisimamia. Tarehe 21 Novemba mwaka huo wanachama 312 walibonyeza, kura 227 zikafika, na kamati, bila kuuliza wala kungoja, ikamwita mwizi mbele ya mke wake, ikamfuta kazi papo hapo, na kuandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba fundi ameiba kura 85.

Huyo mwizi wao alishindwa kula siku mbili, halafu kwa wiki tatu akarudi ukumbini bila malipo, akifunguliwa mlango na Mama Rosebella mfagiaji, kuzitafuta kura zilikopotelea. Aligundua kwamba waifai ya ofisi ilikuwa ikitumia masafa yale yale ya vidude na kuvivuruga, kisha akawaketisha Selpha na Mzee Kipchumba viti vya nyuma, wakabonyeza na koti na bila koti, akaandika kila jibu, na hapo akaona jambo lililomuuma zaidi, kwamba wanachama, kwa hofu ile ya 2008, walikuwa wakificha kidude ndani ya koti au chini ya leso na kukiinamia, ilhali mwili wa mtu huzuia mawimbi hayo, kwa hivyo waliopoteza kura wengi ni walewale walioogopa zaidi.

Aliwaandikia wazime waifai, wabadilishe masafa, wainue kipokezi hadi darini, na kila mwanachama awekewe kipande cha katoni mezani cha kumkinga na macho ya jirani. Mwaka 2015 waliyafanya yote, hakuna kura hata moja iliyopotea, mwenyekiti akapigiwa makofi kwa ubunifu wake, na Gerishon hakutajwa. Tumekasirika, na hatuoni haya kusema. Aliandika barua kumi na moja akiomba sentensi moja tu ifutwe, na hakujibiwa hata moja.

Februari 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini, Selpha akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Moi's Bridge, Mzee Kipchumba, Mama Rosebella, na mafundi wenzake. Kamati ya ushirika, shada lenu tumelipokea kwa heshima, lakini halitawekwa kaburini mpaka kumbukumbu zile zisahihishwe, na kwa kuwa mwenyekiti na katibu wameketi hapa hema la mbele, tutawangoja Jumatatu ofisini, familia nzima.

Pumzika kwa amani, Gerishon, kudai tuachie sisi.