Maktaba Inafungwa Saa Sita

Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa maktaba, upande wa kuegesha magari, na kila Jumamosi asubuhi linakaliwa na wazee watatu wasiosoma vitabu. Orville Tackett, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na mpaka leo anaitwa Reli, huleta chupa ya kahawa. Hobart, mchimba mgodi mstaafu, jina la kijiweni Makaa, huleta vikombe. Virgil huleta maneno. Wenzake wanamwita Profesa, ingawa kazi yake shuleni ilikuwa kuendesha basi la wanafunzi. Mbele yao Jumamosi hiyo yalisimama magari manne, na ndani ya kila gari mwanafunzi na kompyuta mapajani, maana huku mabondeni mwa Kentucky nyaya za mtandao zinaishia pale barabara inapoanza kupanda mlima. Ukitaka kutuma kazi ya shule, njoo uegeshe hapa ule waifai ya maktaba. Saa sita mchana mkutubi anazima kila kitu, na ndiyo basi mpaka Jumatatu.

Gari la karibu zaidi na benchi lilikuwa pikapu ya Reli. Ndani yake alikuwa mjukuu wake, Delphia, akituma video ya dakika tano ya kuomba ufadhili wa chuo cha unesi. Hii ilikuwa Jumamosi yake ya tatu kujaribu, na ya mwisho: maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyo hiyo.

— Babu! Delphia alitoa kichwa dirishani. Imefika asilimia arobaini na moja, imeganda tena!

— Ipe muda, mama. Itakwenda.

— Si ndivyo ulivyoniambia wiki iliyopita?

Reli alijimiminia kahawa asiyoitaka. Marehemu mkewe aliugua miezi minne huko juu mlimani, na nesi wa karibu alikuwa mwendo wa saa nzima. Tangu hapo Delphia hakutaka kazi nyingine yoyote duniani.

— Mnaona sasa? Profesa alidakia. Ulaya mambo haya hayapo. Mwanafunzi wa kule akibonyeza, kabla hajainua kidole imeshafika.

— We Profesa, Ulaya umefika lini? Makaa aliuliza.

— Si lazima nifike. Nimeona. Hebu tazameni.

Akatoa simu. Wakainama wote watatu kuangalia watoto wa nchi fulani ya theluji wakisoma darasani, kila mmoja na kompyuta yake, hakuna anayelia.

— Siri yao naijua, Makaa akasema. Wale watoto wananyang'anywa simu mlangoni asubuhi. Kwa hiyo mtandao unajaa mchana kutwa, kama tangi la maji. Jioni wanafungulia bomba, unamwagika. Wa kwetu hawa wanaangalia watu wakicheza dansi tangu kengele ya kwanza. Tangi litajaa saa ngapi?

— Acha uongo wako, Profesa alimkatiza. Na hiyo simu yako inayobweka mfukoni ni nini?

— Mnada wa mbwa wa kuwinda. Unaonyeshwa moja kwa moja. Kuna jike mmoja nikimkosa nitaumwa.

Reli alitikisa kichwa kwa dharau. Mambo ya tangi ni ya watu wa mgodini.

— Shida ni milima, alisema. Mtandao hauwezi kupanda.

— Ulaya kuna milima mara mbili ya hii, bwana, Profesa alipinga.

— Wameitoboa! Mtandao unapita ndani kama treni. Sikilizeni watu wa reli tunapoongea.

Akawasha simu yake, akaiweka juu ya goti. Treni nyekundu ilikuwa inaingia kwenye handaki refu la Ulaya. Video hiyo ilikuwa ya saa mbili, na kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, Reli alikuwa ameichagulia picha safi kuliko zote. Aliipenda kupita kiasi. Hata ilipokuwa gizani handakini hakuiacha.

— Arobaini na nne! Delphia alipiga kelele. Saa tano na nusu hii!

— Mimi nitawaambia ukweli mtupu, Profesa alisema, akishusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. Ni chaja. Kule sheria inasema simu zote ziwe na tundu la chaja la aina moja. Kwetu kila mtoto na tundu lake. Mtandao ukifika hapa unashangaa, unajiuliza niingilie wapi.

— Toka hapa! Makaa alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ni adabu, bwana. Kule kila ukurasa wa mtandao, kabla hujausoma, unapiga hodi kuomba ruhusa: nikaribie, nisikaribie? Mtoto anajibu karibu. Huku unaingia bila hodi kama mwizi. Mtandao umetususia, na una haki.

— Amerika imeoza, Reli alisema kwa hasira ya kweli. Tunarusha watu mwezini, mjukuu wangu anashindwa kutuma video ya dakika tano!

— Hamsini na mbili, babu. Safari hii Delphia hakupiga kelele. Nisipotuma leo, nitakuwa nauza sigara pale kituo cha petroli kama mama. Basi.

Reli aliinamia simu yake. Akaongeza sauti ya treni.

Robo saa kabla ya saa sita akatokea msichana mwenye vitabu kifuani. Triinu alikuwa Mwestonia, mwanafunzi mgeni kutoka Ulaya, alisoma darasa moja na Delphia, na mwaka huo alikaa nyumbani kwa mchungaji.

— Huyu hapa Mwulaya mwenyewe! Profesa alisimama nusu. Binti, tuamulie. Kwenu mtandao upo?

— Upo. Hata kwa bibi yangu msituni.

— Msituni! Mmesikia? Na kwa nini unakwenda kasi hivyo? Chaja, sivyo?

— Sijui, mzee. Walivuta waya tu.

Wazee walitazamana. Jibu hilo halikuwa na utamu wowote. Triinu akaangalia simu ya Profesa, yenye watoto wa theluji. Akaangalia mfuko wa Makaa, uliokuwa unabweka. Halafu akaiangalia ile treni nyekundu juu ya goti.

— Na nyinyi wazee, aliuliza kwa upole, hapa mnatumia mtandao wa nani?

Profesa aliifunika simu yake kwa kiganja. Makaa alikagua viatu vyake. Reli alihisi uso unawaka mpaka masikioni.

— Zimeni, alisema. Zimeni zote, haraka!

— Lakini yule jike ndiyo kwanza...

— Hobart! Zima!

Simu tatu zikalala juu ya benchi, nyeusi. Bila simu hakuna aliyekuwa na la kusema.

— Hee, sitini na tano! sauti ilitoka kwenye pikapu. Themanini! Babu, inakimbia!

Mkutubi alikuwa anatoka na funguo zake pale Delphia aliporuka chini, miguu mitupu, akamkumbatia babu yake mpaka kofia ikaanguka.

— Imekwenda! Imepokelewa! Umefanya nini, babu?

Profesa alikohoa, akataka kusema wamefanya utafiti. Reli akamtangulia.

— Nimezima treni.

Delphia alicheka kwanza. Kisha kicheko kikamwisha taratibu, akaitazama simu juu ya benchi.

— Treni ipi? Ile ile ya Jumamosi iliyopita?

Reli alichukua chupa ya kahawa, akaiinamisha juu ya kikombe. Haikutoka hata tone.