Makochi ya Buluu

Ndani ya basi, muuguzi mstaafu alijifanya amesinzia. Kwa imani yake, anayesikiliza huku amefumba macho si mmbea. Kwenye kiti cha mbele yake, msusi alikuwa amembana kijana wa tai, karani wa kamati ya bunge, amweleze kwa nini mtaa wao umeondolewa kwenye misaada.

"Wabunge wanapima umaskini kwa vitu vya ndani, dada yangu," karani alisema. "Na kwenu watafiti wamekuta makochi kila nyumba. Picha nimeziona mwenyewe."

"Ya buluu, yenye vitambaa vya kufuma?"

"Umejuaje?"

Msusi alicheka hadi akashika mbavu. "Kaka yangu, ni yale yale. Mgeni wa serikali hakalishwi juu ya ndoo. Akishatoka kwa mlango wa mbele, makochi yanatokea uani kwenda kwa jirani."

"Basi mliwadanganya."

"Tuliwakirimu. Wangeuliza ni ya nani, tungewaambia."

Karani akasema kipimo ni kipimo. Msusi akasema basi wapime na aibu. Muuguzi, macho bado kayafumba, alimpa kila mmoja nusu ya haki.

"Hata hivyo bibi mmoja amebaki kwenye misaada," karani alisema, basi likipunguza mwendo. "Yule hana hata pa kukalia."

Basi likasimama, msusi akainuka na mkoba wake.

"Huyo ndiye mwenye makochi," alisema. "Walipofika kwake, tulikuwa hatujamrudishia."