Constantine Ndalahwa: Goti Aliloliokoa na Ngoma Iliyonyamaza

Marehemu Constantine Ndalahwa Mwandu alizaliwa Lagangabilili tarehe 9 Aprili 1966. Alihitimu shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1981. Shule haikumkolea sana. Jembe ndilo lililomkolea. Mwaka 1990 alifunga ndoa na Kabula, mtu pekee aliyeweza kumwambia "basi" akanyamaza.

Alilima pamba na mtama, na alikuwa mwanachama wa kikundi cha bugobogobo, wale wanaolima kwa mwendo wa ngoma. Ngoma ikilia hakuna anayeinua mgongo. Anayeinua hutaniwa mpaka msimu uishe.

Novemba 2015 ng'ombe wa plau walikurupuka, naye akajeruhiwa mguu wa kulia. Kidonda kilioza, mguu ukakatwa Mwanza, chini ya goti. Alirudi na mguu wa bandia pamoja na onyo la mtaalamu wa viungo bandia wa Bariadi, Bi Harieth: auvue kila akipumzika, akaushe jasho, akague ngozi kwa kioo. Lakini neno "pumzika" kwake lilikuwa tusi. Watu walimwambia, "Pumzika, baba," wakimaanisha kazi yako imekwisha.

Wakati wa palizi, Januari 2017, Kabula aliona damu kwenye soksi ya kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki. Akamuuliza hali.

"Mhola duhu," alijibu, yaani salama tu. Kila asubuhi mhola, na kila jioni soksi imeloa. Usaha ulipoanza, Kabula alimpeleka Bariadi, na Bi Harieth hakumzungusha.

"Baba, kidonda kikifika kwenye mfupa tutakata juu ya goti. Bila goti, kusimama shambani itakuwa shida kubwa."

Kabula aliingiwa na hofu. Kesho yake mume wake akaenda kulima.

Kabula alimfuata, akamkuta katikati ya mstari, uso umekunjamana, ngoma ikilia. Alikwenda moja kwa moja kwa mpiga ngoma, akamnyang'anya vijiti. Mwanamke kunyamazisha ngoma ya kulimia lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana. Majembe yakasimama.

"Hamlimi pamba," alisema. "Mnamlima mwenzenu. Ndalahwa, vua huo mguu waone."

Hakuna aliyejua kama Constantine angeketi au angempiga. Akaketi. Akavua. Harufu peke yake iliwatosha.

Msimu ule alikaa nyumbani akinuna, kidonda kikapona na goti likaokoka. Aliporudi, kikundi kikaweka desturi mpya: ngoma hunyamaza kila mstari ukiisha, kila mtu anajikagua, naye anapitisha kioo chake cha kunyolea chini ya kigutu. Wakulima wenzake wenye ulemavu walijiunga, na akawa mkali kwao kuliko Bi Harieth. "Ukiniambia mhola," aliwaambia, "nionyeshe."

Februari mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki Bariadi tarehe 21. Waliomwosha walipotoka, Kabula aliuliza jambo moja tu.

"Goti je?"

"Ngozi nzima, mayu," walimjibu, yaani mama. "Hakuna hata mchubuko."

Ndipo akalia.

Ameacha mjane, Kabula, watoto watatu, Monika, Raymond na Wilhelmina, pamoja na wajukuu. Neno alilolichukia, leo tunamwambia kwa heshima. Ngoma imenyamaza, Ndalahwa. Pumzika kwa amani.