Ambrosi Chilumba, Mwenye Mlango wa Mingoyo

Ndugu wafiwa, Baba Padri, mashehe wetu na majirani wa Mingoyo, ninyi mliokuja kwa miguu tangu Mkwaya na ninyi mlioteremka alfajiri kwenye lori la Tingi mkiwa na vumbi la safari hadi kwenye kope, poleni nyote, familia imemtuma Natalia, mtoto wa dada wa marehemu, awasomee maisha ya mjomba wake tangu mwanzo hadi Jumanne hii, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba atasoma na yale ambayo kwa kawaida huyaruka watu msibani, kwa kuwa ninyi wenyewe mnayajua, na kuyaruka mbele yenu kungekuwa kuficha moto huku moshi unaonekana.

Marehemu Ambrosi Valentini Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 katika kijiji cha Kitangari, juu kwenye uwanda wa Makonde, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili akiwa Martina, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1936, na mama yao alifariki Martina akiwa bado ananyonya, hivyo Ambrosi, mtoto wa miaka saba, alimfunga mdogo wake mgongoni na kushuka naye bondeni kuchota maji, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, hata wazee wa Kitangari wakawa wanasema kwamba yule binti alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa na miguu ya kaka yake. Alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1938 hadi Desemba 1943, akaishia darasa la sita, si kwa kukosa akili, bali baba naye alifariki mwaka huo, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumlea Martina.

Tarehe 1 Novemba 1949 aliajiriwa na reli pale Mkwaya, kazi yake ikiwa kupeperusha bendera, nyekundu treni isimame na kijani iondoke, kazi aliyoipenda kuliko chakula, na tarehe 24 Aprili 1954, Jumamosi iliyofuata Pasaka, alifunga ndoa na Stefania, ambaye yuko hapa mbele kwenye mkeka, wakajaliwa watoto wawili, Valentini na Romana. Ambrosi alimleta Martina mjini Mingoyo akae naye, naye Martina akaolewa mwaka 1957 na Andrea, fundi seremala, nyumba ya tatu kutoka kwa kaka yake, na mwaka uliofuata akazaliwa huyu anayewasomea.

Mwaka 1962, Uhuru ukiwa haujafikisha hata mwaka, reli ilifungwa, mataruma yakang'olewa na kupakiwa, na Ambrosi akabaki na bendera mbili na hana treni. Stefania anasema kwamba kwa miezi mitatu mumewe aliamka kila siku, akavaa kofia ya kazi, akaenda kusimama penye tuta tupu, akarudi, na siku moja akaja na swali ambalo hakuwahi kuachana nalo, kwamba je, hakuna Lindi nyingine mahali fulani, pacha wa hii, ambako treni bado inapita na kuna Ambrosi mwingine anayeipungia bendera? Wengine tungempeleka mtu wa namna hiyo kwa mganga, lakini Martina alicheka, akamwambia kaka yake twende tukaitafute, na hivyo ndivyo ulivyoanza ule mchezo wa kuigiza ambao baadhi yenu mliukimbilia mkaacha sufuria jikoni.

Wakati huo marehemu alikuwa amepata kazi ya kutunza ghala la korosho la ushirika, ghala ambalo tangu Machi hadi msimu mpya hukaa tupu, na Jumamosi tarehe 1 Juni 1963, baada ya sala ya alasiri, watu kama sitini waliketi humo juu ya magunia na kumwona Andrea akisimamisha mlango wa mvule alioutengeneza mwenyewe, mlango usio na nyumba nyuma yake. Wachezaji walikuwa watatu tu, Ambrosi na bendera zake, Martina, na mwalimu Yohana wa shule ya msingi, aliyekuwa akipiga hesabu kwenye kibao ili kujua mlango utafunguka saa ngapi, na kila Jumamosi bendera ya kijani ikiinuliwa waliupita mlango huo na kuingia Lindi nyingine, moja ambako Wajerumani walishindwa vita vya Maji Maji wakabaki kuwa vibarua, nyingine ambako bahari ilikuwa imekauka na watu wa Kilwa Kisiwani wanakwenda Masoko kwa baiskeli, nyingine ambako wanaume ndio wanaotwanga na wanawake ndio wanaokaa barazani wakilalamika kwamba ugali umechelewa, na hiyo mlidai irudiwe mara tatu. Shida yao ilikuwa moja tu, kurudi nyumbani, nao hawakuwahi kurudi, kila mara walipokaribia bendera nyekundu ilipanda na mlango ukafungwa. Wote watatu walitumia majina yao wenyewe, kwa kuwa marehemu alisema mtu akiitwa jina la kupewa huchelewa kugeuka.

Hapa ndipo Natalia anapoomba mtege masikio. Mwaka 1967 mwalimu Yohana alihamishiwa Nachingwea, na marehemu, asiyejua kazi ya kubadilisha wachezaji kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha, alimchukua Tawakali, mpakizi wa magunia, akampa kibao na kumwita Yohana, nanyi mliokuwapo mnakumbuka mlivyopiga kelele kwamba huyu si Yohana, rudisheni Yohana wetu, mkamtupia makapi ya miwa hadi Tawakali akakimbia kupitia dirishani, na tangu siku hiyo hajakanyaga ghalani isipokuwa kwa magunia. Wiki iliyofuata marehemu alitangaza kwamba Yohana amepotea katika Lindi iliyofunikwa na maji, wakabaki wawili, kaka na dada, na mchezo ukawa na huzuni ambayo haikuwamo mwanzoni.

Halafu mwaka 1969 alikuja ofisa mmoja, jina lake tuliache, akatazama Jumamosi mbili, akasema kwamba wananchi hawana haja na Lindi nyingine wakati hii moja haijakamilika, akaagiza dunia zipunguzwe ziwe mbili, ile ya wanyonyaji na hii yetu, na kila onyesho limalizike kwa wimbo wa kilimo. Marehemu alikubali, mwenye nguvu mpishe, lakini Stefania ni shahidi kwamba alirudi nyumbani siku hiyo akakaa uani na kofia yake ya reli mapajani hadi chakula kikapoa. Mchezo ukaendelea hivyo, umekatwa mbawa, na kilichowaleta watu kilikuwa Martina, sauti yake na namna yake ya kugeuka mlangoni na kutazama nyuma, kana kwamba kuna mtu amemwita.

Aprili 1971 Andrea alijiunga na kijiji cha ujamaa karibu na Tingi, walikokuwa wakihitaji seremala, akahama na mke wake na binti yao wa miaka kumi na mitatu. Martina alilia, lakini alikwenda, mke humfuata mume, akamwambia kaka yake amngojee, akipata nafasi atakuja kwa lori kila mwaka ghala likiwa tupu. Marehemu hakungoja. Aliogopa makapi ya miwa, aliogopa ofisa atalifunga ghala, na zaidi ya yote aliogopa kubaki peke yake mbele ya ule mlango, mtu mzima na vitambaa viwili mkononi.

Ninyi nyote mnaijua desturi yetu ya kurithi jina, Baba Padri atuwie radhi, kwamba mtu akifariki, matanga yakiisha, wazee humkalisha ndugu yake mkekani, wakampaka unga wa mtama kwenye paji la uso na kumwita kwa jina la marehemu, na tangu hapo watoto wa marehemu humwita mama au baba, kwa kuwa jina halizikwi. Jumamosi tarehe 12 Juni 1971, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, Ambrosi Chilumba alimkalisha mkekani Valeria, binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa akichambua korosho ghalani, akampaka unga, akamwita Martina mara tatu, nanyi mkaitika. Hakuna aliyetupa kapi hata moja. Alijua mtakubali, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee mliyoizoea ya kumpokea mtu badala ya mtu, na katika furaha yake ya kuupata ufunguo huo alisahau, au alijisahaulisha, kwamba unga huo hupakwa kwa ajili ya wafu.

Tarehe 7 Agosti mwaka huohuo Martina alifika kwa lori, siku mbili njiani, na kuku wawili wa kaka yake kapuni, akiwa na Natalia, na walipoteremka hapo njia panda wanawake wa gengeni walifunga midomo kwa kanga, wakarudi nyuma. Aliingia ghalani akamkuta msichana anaupita mlango kwa jina lake. Hakupiga kelele, aliweka kapu chini, akasema kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia, "Kaka, umenizika na mimi natazama," akatoka, akamshika binti yake mkono, wakalala kwa jirani na kuondoka asubuhi. Marehemu alituma barua kumi na moja. Natalia ndiye aliyezisoma kwa sauti, na mama yake alikuwa akisikiliza kila moja hadi mwisho, kisha anaenda kuwasha moto wa chakula.

Novemba 1974 watu wa vitongoji vya kule walihamishiwa kando ya barabara kuu, mvua zikaja nyumba hazijaezekwa, Martina akashikwa na homa ya mapafu chini ya turubai, akafariki tarehe 19 Novemba, akiwa na miaka thelathini na minane. Marehemu alifika siku ya nne, barabara ilikuwa imekatika na sehemu kubwa aliikanyaga kwa miguu, na matanga yalipoisha aliwapigia wazee magoti wamtafutie Martina mrithi wa jina. Wazee walikataa. Walisema jina hilo limekwisha kupakwa unga, hawawezi kulipaka mara mbili, wala hawawezi kumtambua yule aliyepakwa, kwa sababu alipakwa mwenye jina akiwa hai, hivyo Martina atakwenda bila mtu, labda siku moja mtoto wake wa kumzaa, kwa hiari yake, mbele za watu, amwite Valeria mama. Valeria naye alikuwapo, alikuja nyuma ya marehemu kwa mwendo uleule, na Natalia, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alimfukuza kwa mchanga na matusi ambayo leo anaona haya kuyakumbuka.

Marehemu aliporudi Mingoyo aliung'oa mlango, akauegemeza chumbani kwake, na mchezo ukafa. Kila Natalia alipopita Mingoyo, akienda masomo ya ualimu na akirudi, mjomba alimwomba jambo moja tu, amwite Valeria mama, na kila mara Natalia alijibu kwamba mama yake alikuwa na jina na kaka yake ndiye aliyeligawa kama pipi. Na Valeria je? Hakuna aliyemwita Valeria tena hapa mjini, hata mama yake mzazi alikuwa akijisahau, wachumba wawili walikuja wakasita kuoa jina lenye kesi, naye hakuwa na hatia yoyote zaidi ya kukaa mkekani alipoambiwa kaa.

Marehemu alianza kukohoa damu Septemba 1976, akalazwa hospitali mjini Lindi mara tatu, na tangu Mei mwaka huu hakuinuka. Tarehe 6 Agosti Natalia alikuja kumwona, mjomba akamshika kifundo cha mkono, hakuwa na sauti, aliinua tu kidole kuelekea uani, Valeria alikokuwa akimfulia nguo, na Natalia akamwambia, "Nitafikiri, mjomba," akaondoka na lori la saa nane kuwahi darasa lake la elimu ya watu wazima. Jumanne tarehe 9 Agosti 1977, saa kumi na moja alfajiri, Ambrosi Valentini Chilumba alifariki dunia akiwa na miaka arobaini na minane, bila kupewa jibu. Hilo si la marehemu, ni la Natalia, naye atalibeba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, watumishi wenzake wa ghala, majirani waliochota maji na kupasua kuni, mwalimu Yohana aliyekuja tangu Nachingwea, Tawakali aliyechimba kaburi tangu jana bila kupokezana na mtu, na shemeji yake Andrea, aliyelitengeneza jeneza hili na kulitia mfuniko wa mbao za ule mlango, kwa kuwa mbao nyingine hazikupatikana.

Mwisho yuko mtu mmoja ambaye jina lake halikuwamo katika karatasi iliyokubaliwa na familia. Kwa miezi kumi na moja alimgeuza marehemu, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akayamwaga makohozi yake, kazi ambayo dada humfanyia kaka, na sasa amekaa nyuma kule penye vyungu kwa kuwa hakujua akae mkeka upi. Wafiwa mliopo mkeka wa mbele, sogeeni, na wazee mlionena kule Tingi, sikieni, mbele yenu nyote, kwa hiari yangu. Mama Martina, njoo ukae kwa wenzako. Shikamoo, mama.

Mjomba, dada yako ana mtu, pumzika sasa kwa amani.