Wendell Krause na Mwaka Wake wa Panga na Mazimwi

Ndugu, majirani, na ninyi wenye fulana za majoka mliosafiri kutoka mbali: mimi ni Nadine, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nimsimulie kaka yangu, na nitajitahidi nisilie kabla ya kufika katikati.

Wendell August Krause alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Ballinger, Texas, mtoto wa kwanza wa marehemu Otto na Hilda Krause, wakulima wa pamba.

Alisoma hapohapo Ballinger, akamaliza sekondari mwaka 1966. Shuleni hakuwa na neno. Shida ilikuwa kanisani. Jumapili moja mchungaji alimsifu mbele ya waumini kwa jinsi alivyozama katika kitabu cha nyimbo. Mimi niliyeketi naye nilikiona kitabu kingine kilichofichwa ndani yake, chenye picha ya shujaa kifua wazi akipigana na nyoka wa vichwa viwili. Nilinyamaza, na kama malipo, mchana nikala pai yake ya njugu za pekani pamoja na yangu.

Mwaka 1968 alianza kazi ya ufundi wa injini za treni huku Sweetwater, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2010. Tarehe 17 Juni 1972 alimwoa Arlene Hobbs, wakajaliwa Travis na Colleen. Arlene alimpenda Wendell, lakini vitabu vyake aliviita takataka. Kila vilipojipenyeza sebuleni, alivirudisha gereji.

Januari 2024 kaka alifungua ukurasa mtandaoni, akaahidi kuandika kila wiki, mwaka mzima, kuhusu hadithi hizo za mashujaa. Tulimcheka. Kumbe watu, ndio ninyi wenye fulana, walikuwa wanamsoma, wakabishana naye, wakampenda. Sharti lao wote lilikuwa moja: kitabu unaweza kukisifu au kukiponda upendavyo, lakini mwisho wake humwambii mtu ambaye hajaufikia.

Mwezi Agosti kisukari kilimnyang'anya macho. Alilia, na sioni aibu kulisema. Ndipo Arlene alipokwenda gereji mwenyewe, akarudi na kitabu kilichochakaa kuliko vyote, akaanza kumsomea. Haikuchukua muda akawa anagombana na shujaa.

"Mpumbavu huyu! Pangoni anaingia peke yake kufanya nini?"

"Wewe soma tu, mama."

"Atakufa?"

"Arlene!"

Kitabu kile Wendell alikijua kwa moyo. Alichotamani sasa ni kitu kimoja tu: awepo amsikie mkewe akifika mwisho.

Desemba ni desturi ya waandishi wa kurasa kama hizo kuutazama mwaka waliouandika na kutaja kitabu kilichowagusa kuliko vyote. Wendell alisema, Arlene akaandika. Akakitaja kilekile.

"Huwezi kutaja kitabu usichokimaliza," Arlene akamkatiza.

"Mimi nilikimaliza tangu kijana. Wewe ndiye ninayekungoja."

Arlene aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, na wengi wenu mliyasoma.

Baada ya Krismasi moyo wa Wendell ulidhoofika, akalazwa. Arlene alimsomea kitandani mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi ya tarehe 2 Januari 2025, zikiwa zimebaki kurasa chache, aliona pumzi za mumewe zinapungua. Akaweka kitabu kando. "Basi niambie, mzee wangu. Anarudi nyumbani au harudi?" Wendell alitabasamu, akamminya mkono, hakusema. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mjane, Arlene, watoto, Travis na Colleen, wajukuu watatu, na mimi dada yake.

Zile kurasa Arlene hajazigusa. Amesema siku atakayokuwa tayari atakaa kwenye kiti cha Wendell na kuzisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakisoma. Sasa ninyi wenye fulana, najua mwisho mnaujua. Mkimpa mkono wa pole hapo nje, hata akiwauliza, hata akiwabembeleza, fungeni midomo.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Hatutamwambia.