Sauti ya Baba Iliyokuwa Kwenye D

Tumsifu Yesu Kristo. Mmeitika kwa nguvu, asanteni. Mngejua ninachokuja kusema mngeitika polepole. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nisitaje mtu jina, nami sitataja. Mimi mnanijua: ndiye yule mwenye stesheneri hapa Nyasho, anayewachapia matangazo ya misiba na kuwagombeza mkileta flashi chafu. Sina maneno matamu, hilo pia mnalijua.

Kwetu ni Butiama, na baba yetu alikuwa na watoto wawili, kaka yangu na mimi. Miaka mingi nyuma, siku tuliyomaliza matanga ya mama, kaka alimtukana baba mbele ya wazee, akamsukuma mpaka akakaa chini. Baba hakupiga kelele. Alisema kwa Kizanaki, taratibu kabisa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: utajenga, lakini hutalala ndani.

Najua wapo hapa watakaosema sisi tumebatizwa, laana ni mambo ya zamani. Sawa. Mimi nasimulia niliyoyaona. Kaka alihamia Kisorya kwenye biashara ya samaki, akajenga. Nyumba ya kwanza iliungua kabla hajahamia. Ya pili, wiki aliyoezeka, ziwa lilipanda, maji yakafika dirishani. Ya tatu aliimaliza, akaipaka rangi, halafu akaifunga kwa kufuli na kuendelea kupanga chumba cha watu. Alikuwa anaiogopa nyumba yake mwenyewe.

Baba alipougua, mimi ndiye niliyemuuguza, miaka miwili. Kaka hakukanyaga. Siku moja baba akaniambia nishike simu nimrekodi. Akamwita kaka kwa jina la utotoni, akaifuta laana neno kwa neno. Kwetu laana ya mzazi hufutwa na kinywa kilekile kilichoitoa, mwingine hawezi kuifuta kwa niaba yake. Alipomaliza akaniambia nimpelekee mwanawe asikie. Wiki mbili baadaye tukamzika.

Sikupeleka. Nilijiambia nina kazi nyingi. Nilijiambia kaka anatumia kitochi, sauti haiwezi kutumwa kwenye simu ya vile. Simu yangu ilipojaa nikaihamishia sauti kwenye kompyuta ya dukani, nikaiweka D, kule tunakohifadhia vitu vyetu, nikaifuta kwenye simu. Shangazi yetu alikuwa ananipigia kila Jumapili kuuliza. Mara ya mwisho hakusalimia hata.

"Neno la marehemu haliwekwi," akasema. "Linapelekwa. Ukiliweka litaondoka lenyewe, na halitaaga."

Nikacheka, nikamwambia shangazi, liko kwenye D, litaenda wapi? Basi akaamua kumwambia kaka mwenyewe. Kaka akatuma ujumbe kwamba Jumamosi atakuja Butiama, nyumbani kwa baba, asikie.

Wiki hiyohiyo kompyuta ikaanza visa. Mteja alileta flashi yenye virusi, mafaili yakawa yanapotea moja moja. Leo ratiba ya harusi haipo, kesho barua ya mtu haipo. Nikaogopa kwamba sauti ya baba nayo itapotea. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu, akanishauri niachane na Window, niweke Linux. Ndugu zangu, kwa msiojua, Linux nayo ni mtambo wa kuiendesha kompyuta, ila ni ya bure, na virusi vya flashi zenu haviiwezi.

Shida yake ni kuchagua. Ziko nyingi, zinaitwa distro, na kila moja ina watu wanaoapa kwamba ndiyo yenyewe. Mimi nilihangaika nazo siku mbili kama mtu anayechagua kitenge. Kulikuwa na moja ya rangi ya machungwa, maarufu, lakini mashine yangu ni ya kizee ikaielemea. Kulikuwa na nyingine nyepesi mno, ila printa yangu haikuitambua. Ya tatu ilikuwa ya kijani, inafanana na Window, menyu iko chini kushoto pale mkono ulipozoea. Nikaichukua hiyo kwa ndugu mmoja mwenye intaneti kule Iringo, akaniwekea kwenye flashi. Mwalimu alinipa maagizo matatu: hamisha vitu vyako nje kwanza, ijaribu kutoka kwenye flashi, na ukifika pa kuchagua diski nipigie. Nikafanya la pili tu. Mimi nikishajua kitu sipigagi simu.

Alhamisi asubuhi nikafungua duka. Wadudu wa ziwani walikuwa wametanda mpaka mlangoni kama moshi, nikafunga tena na kuwasha taa. Nikaijaribu ile ya kijani kutoka kwenye flashi, ikaenda vizuri, printa ikatoa karatasi. Nikabonyeza kuiweka moja kwa moja. Ikaniuliza kama nataka kuifuta diski, na chini yake kulikuwa na onyo kwamba kila kitu kitaondoka.

Nikalisoma onyo lote, na sikutetereka. Sisi wote tumefundishwa na mafundi wetu, si ndiyo? Hata ukipiga Window upya mara kumi, C ndiyo inafutwa, D haiguswi. Weka vitu vyako D ulale usingizi. Basi mimi nilidhani D ni sanduku la pembeni, na kwamba kompyuta yoyote duniani inajua hivyo. Sikujua kwamba C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, na pale nilikuwa nakubali nyumba nzima ivunjwe. Nikakubali. Nikaenda kupika chai.

Ilipomaliza ikawaka, nzuri, kimya, haraka. Nikaiunganisha na intaneti ikaanza kujishushia masasisho, yale maboresho yake mapya. Ndipo nikaitafuta D. Sikuiona. Nikazima, nikawasha, nikatafuta tena. Nilikaa nikiiangalia ile picha ya kijani na masasisho yanaendelea kuingia, na mimi sijui kwamba kila linaloingia linamkanyaga baba yangu.

Mwalimu ndiye aliyenipa namba ya fundi mmoja wa Bunda, mama wa makamo. Nilimweleza, naye akaniuliza swali moja, kama mashine bado inawaka. Nikasema ndiyo.

"Izime sasa hivi," akasema. "Usifungue hata kuangalia saa."

Ijumaa nikawa kwake. Akaitoa diski, akaifunga kwenye mashine yake, nayo ilikuwa na Linux ileile ya kijani. Akanieleza kwamba vitu bado vimo chini, kama mbegu kwenye shamba ambalo trekta halijalimaliza. Pale trekta lilipopita, yaani vitu vipya vilipoandikwa juu yake, hakuna dawa. Akaianzisha kazi ya kuchambua na ikaenda polepole. Ijumaa ikaisha. Jumamosi asubuhi zikaanza kutoka faili za sauti, mamia, hazina majina, ni namba tupu. Tukawa tunafungua moja moja. Kwaya. Tangazo la mnada. Mtu anapima maiki.

Simu ikaita. Kaka. Ameshuka stendi ya Bunda anasubiri gari la Butiama, anauliza kama nimeshafika nyumbani.

Ndugu zangu, nawaambia, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema simu imeibwa, ningesema baba alikosea kurekodi. Sijui ni nini kilinizuia. Nikamwelekeza pa kunipata. Akaja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amenyoa, mtu anayekwenda kumsikia baba yake. Nikasimama mbele ya fundi nikamwambia kaka kwamba sauti nimeifuta. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema lililobaki.

"Kaka, ningeweza kukupigia hata kwa kitochi chako, nikaweka simu karibu na sauti, ukasikia. Sikutaka. Nilimuuguza peke yangu, nikasema na wewe ngoja kwanza."

Alivuta kigoda akakaa mbele ya spika. Fundi akaendelea kufungua. Sikumbuki zilikuwa ngapi. Kisha kikatoka kikohozi, na wote wawili tukakijua.

Baba alimwita kwa jina la utotoni. Akasema yote. Mwishoni, mzee akisamehe kwetu, huchukua maji mdomoni akamtemea mtoto usoni, ndiyo baraka yenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba alifanya hivyo mbele ya simu. Tulisikia anakunywa, tukasikia anatema. Na kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, aliinua uso wake kuelekea kwenye spika, akafumba macho, halafu akajifuta mashavu kwa viganja viwili. Yalikuwa yamelowa kweli.

Sauti ikaendelea kidogo. Baba akasema, "Na wewe binti yangu unayeshika simu..." Ikakatika. Fundi alijaribu mpaka jioni. Trekta lilikuwa limepita pale.

Mtaniuliza, si ulikuwepo akisema? Nilikuwepo. Nilikuwa nimekasirika kwamba muda wote anamtaja kaka, nikawa naangalia kioo cha simu kama inarekodi. Nakumbuka mdomo wake unachezacheza. Inaweza kuwa alinibariki. Inaweza kuwa alinionya, maana alinifahamu. Sitajua.

Kaka sasa analala ndani ya nyumba yake Kisorya, mwaka wa pili huu. Kompyuta yangu bado ina Linux, haina kosa, kosa lilikuwa la mkono wangu. Namshukuru fundi wa Bunda, namshukuru mwalimu ambaye hakuniambia "nilikuambia", namshukuru shangazi, na kaka aliyenibebea diski mpaka stendi bila kunisema neno baya. Namshukuru Mungu aliyeokoa kipande kile na si kingine, ingawa hapo bado tunasumbuana mimi na Yeye.

Nisiwachoshe. Naona maandazi yameshaletwa. Lakini kama kuna mtu hapa ana neno la mtu mwingine kaliweka nyumbani, amelihifadhi vizuri tu, anangoja hasira iishe kwanza, asikae kunywa chai. Aondoke sasa hivi, sisi tutamwelewa.